Ukuta Nilioukosa kwa Kusindikizwa

Sostenes Ntandu,
Mfuga nyuki,
Mgori, Singida.

Kwa Mzee Christopher,
Mwenyekiti wa Baraza la Wazee,
Mgori.

KUH: OMBI LA KUWEKA MPAKA WA KUSINDIKIZA WAGENI

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, mifugo haijambo, na yule ndama aliyekuwa anaharisha sasa ananyonya vizuri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi nina malalamiko. Nimeona niyaandike kabisa, kwa sababu kikaoni Mzee Ezekieli huanza yeye kuongea, na akimaliza watu wanakuwa wanatafuta fimbo zao waende nyumbani.

Naandika kwa heshima zote kuliomba Baraza lako lipige marufuku, au angalau liwekee mpaka, desturi ya kusindikiza wageni. Najua neno hili ni zito. Najua pia kwamba wewe mwenyewe ndiye msindikizaji mkuu wa kata hii. Siku nasafiri ulisema unanisindikiza mpaka barabarani. Barabarani ukasema mpaka stendi ya Singida mjini. Stendi ukapanda ndani ya basi uhakikishe nimepata kiti kizuri, na uliposhuka tulikuwa Manyoni. Nilishukuru sana wakati ule na nashukuru mpaka leo. Lakini mtu kushukuru hakumwondolei haki ya kulalamika.

Kama unavyojua, mwaka huu tulichaguliwa watu watatu kutoka mkoa wetu kwenda China kujifunza namna ya kufungasha mazao ya mkulima mdogo. Nilikwenda mimi na asali yangu. Akaenda Amne wa Ikungi, yule mama wa kuku wa kienyeji. Na Stanley wa Sekenke, kijana aliyeacha kuchimba dhahabu akaanza kufuga nyuki, kwa sababu anasema nyuki ukiwakosea wanakuambia siku hiyo hiyo. Tulipanda basi hatujuani vizuri, na kabla hatujafika Dodoma tulikuwa tunakula kutoka sahani moja. Sina ugomvi nao. Katika malalamiko yangu nitawataja, lakini sina ugomvi nao.

Siku ya mapumziko wenyeji wetu walitupeleka kutembea katika mji wa kale unaoitwa Pingyao. Basi lilitushusha langoni asubuhi, na jioni lingetuchukua hapo hapo. Mji wenyewe umezungushiwa ukuta mrefu na mnene wa matofali, na mgeni anaruhusiwa kupanda juu yake na kutembea atakavyo. Sasa hapo ndipo penye jambo langu.

Nyumbani kwangu sebuleni ipo kalenda ya kampuni moja ya Kichina ya barabara, ya mwaka uliokwisha zamani, na picha yake ni ukuta huo huo, imepigwa kutoka nje. Mke wangu Rebeka amekataa isitolewe. Tangu alipoteleza kisimani akavunjika mguu, kiti chake kinaelekea kalenda hiyo. Habari zake unazijua: plasta ilishatolewa, daktari akasema mfupa umeunga na dawa iliyobaki ni kutembea, lakini Rebeka anajibu kwamba mfupa umeunga, yeye bado. Hajavuka banda la kuku tangu mavuno. Mwanamke ambaye wageni walikuwa wanamkimbia kwa kusindikiza, leo anawaaga watu akiwa amekaa. Mimi nimembembeleza, nimemkasirikia, nimemchongea fimbo nzuri ya mkongo, na fimbo imebaki kufukuzia kuku.

Basi siku naondoka hakuniomba kitenge wala simu. Aliniomba jambo moja tu: nipande juu ya ule ukuta, niangalie upande wa pili kuna nini, nije nimweleze. Nikamwahidi. Nimemwahidi mwanamke huyu mambo mengi katika maisha yetu, na hili ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Sikupanda. Sababu zake ni hizi zifuatazo.

1. Salamu. Ratiba ya siku ile niliipanga mimi: ukuta kwanza, kabla jua halijawa kali, na mengine baadaye. Amne akasema ukuta haukimbii, tupite kwanza kwenye kichochoro kile chenye kivuli. Katika kichochoro hicho alikaa mzee mlangoni kwake juu ya kigoda, kichwa cheupe kabisa, anatafuna kitu na kutema maganda. Wageni wengine walikuwa wanampita kama wanavyopita nguzo ya umeme. Na sisi tungeweza kumpita, Mwenyekiti. Lakini Amne amelelewa na bibi yake. Akasimama, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo. Nikamnong'oneza kwamba mzee yule hajui Kiswahili. Akaniuliza kama uzee wake nao haujui Kiswahili. Stanley naye akaamkia, ikabidi na mimi niamkie. Mzee akatutazama mmoja mmoja, akafuta mikono kwenye suruali, akainuka. Mtu wa umri ule akikuinukia, ratiba yako imekwisha.

2. Viti. Mlango ukafunguliwa, vigoda vikatoka, tukakalishwa. Tukaletewa vikombe vya maji ya moto matupu. Hayana majani, hayana sukari, hata tangawizi hayana. Nikadhani chai yenyewe inakuja nyuma. Haikuja. Stanley alikuwa na simu inayotafsiri. Unaongea Kiswahili, yenyewe inaongea Kichina, na kwa njia hiyo tukajua kwamba mzee anaitwa Guo, alikuwa fundi seremala, mke wake amefariki, na watoto wako miji mikubwa. Na kile alichokuwa anatafuna, Mwenyekiti, ni alizeti. Zimekaangwa na chumvi, anazibangua kwa meno moja moja kama kasuku. Sisi watu wa Singida, ambao alizeti imetujengea nyumba na kutusomeshea watoto, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mtu mzima anafanya hivyo. Kwetu alizeti inakwenda mashineni inakuwa mafuta. Mzee akatufundisha. Amne alijua upesi. Stanley alimeza na maganda. Mimi nilijifunza polepole, na nilipojua nikashindwa kuacha, na huko ndiko asubuhi yangu ilikokwenda.

Kwa kuwa mtu hatoki mikono mitupu kwenye nyumba iliyomkalisha, nilimpa mzee chupa ya asali ya Mgori niliyoibeba kwa ajili ya kumkabidhi mkuu wa chuo kilichotufundisha siku ya kuaga. Mkuu wa chuo alipata maneno ya shukrani. Hili nalo lihesabiwe.

3. Kusindikizwa. Tulipoaga, mzee akachukua kofia yake. Nikajua anatusindikiza mpaka mwisho wa kichochoro, na hilo lisingenikera, kwa sababu hata kwetu kusindikiza kuna vituo vyake: mlangoni, kwenye njia panda, kwenye shamba la jirani. Na mgeni naye ana wajibu wake wa kusema inatosha mzee, rudi sasa. Nilisema. Simu ya Stanley ikasema. Mzee akacheka, akatikisa mkono, akaendelea kutembea mbele yetu kama sisi ndio tulikuwa tunamsindikiza yeye. Alitupeleka mpaka chini ya lango la mji, mahali ambapo ngazi za kupandia ukutani zinaanzia. Nakiri kwamba hapo nilifurahi. Nilimwombea mzee yule baraka zote ninazozijua.

4. Kumrudisha. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga ngazi ya kwanza. Naomba Baraza lizingatie hilo. Ndipo Amne alipouliza kama kweli tunamwacha mzee wa watu arudi peke yake na jua lile, mzee ambaye ameacha mlango wake wazi kwa ajili yetu. Akasema watu watatuonaje. Nikamuuliza watu gani. Akasema sisi wenyewe. Stanley akakubali kwa kichwa, kwa sababu Stanley ni kijana, na kijana hukubaliana na mama yeyote aliye karibu. Nikashusha mguu. Tukamrudisha mzee mpaka kwake, na tulipofika, kwa kuwa tulikuwa tumemfikisha mlangoni, tukawa wageni upya. Vigoda vikatoka. Maji ya moto yakaja. Tukabangua alizeti. Tukaaga. Mzee akachukua kofia.

5. Malalamiko namba tatu na namba nne yasomwe tena kwa mpangilio ule ule, na safari hii jirani yake, mama mmoja aliyekuwa anaosha mboga kwenye beseni, awe ameongezeka katika msafara.

6. Nusu ya njia. Hapo Stanley akatumia akili. Akaiambia simu yake iseme kwamba, kwa faida ya pande zote mbili, tuagane katikati: mzee asifike langoni, na sisi tusirudi kwake. Katikati palikuwa na duka la siki. Mji ule unapenda siki kama sisi tunavyopenda mlenda, wameipanga kwenye mitungi mpaka nje. Mzee akaafiki, mama wa mboga akaafiki, tukashikana mikono mbele ya duka, tukaagana vizuri kabisa. Halafu hakuna aliyeondoka.

Nieleze, kwa sababu hapa ndipo ilipo kasoro yenyewe ya desturi hii. Kwao, tulivyoelewa, anayesindikiza hageuki mpaka mgeni apotee machoni. Kwetu, kama ulivyotufundisha wewe mwenyewe kwa kiboko, mtoto hampi mgongo mzee aliyesimama anamtazama. Kwa hiyo yeye alikuwa anasubiri tuondoke, na sisi tulikuwa tunasubiri ageuke. Tukapunga mikono. Akapunga. Tukainama. Akainama. Simu ya Stanley ikaisha chaji. Watu wakaanza kutukwepa kwa pembeni kupata njia. Mwenye duka alipoona watu wazima wamesimama muda mrefu mlangoni kwake bila kununua kitu, akaingia ndani, na mimi nikasema sasa tunafukuzwa, Mungu ni mwema. Akatoka na viti.

Tulikaa pale mchana wote. Tulionjeshwa siki ya aina nyingi, na zote kwangu zilikuwa siki. Bila simu, mambo yalikwenda kwa mikono. Amne aliwaonyesha kuku wake wanavyokimbia, mama wa mboga akamwonyesha bata. Stanley aliigiza alivyoumwa na nyuki siku ya kwanza, mwenye duka akacheka mpaka akashika mtungi. Kisha Mzee Guo akainua mkono usawa wa kifua chake, akashusha usawa wa kiuno, akashusha tena usawa wa goti: watoto wake. Akanyoosha kidole kwenye lango la mji, akaonyesha miguu yake, akaonyesha lango tena. Nadhani alikuwa anatuambia kwamba wote amewasindikiza mpaka pale. Amne alifuta macho kwa ncha ya mtandio akasingizia siki. Na mimi nilijisikia vibaya kwa sababu ya ratiba yangu. Lakini hisia hiyo haibadilishi ukweli kwamba ukuta ulikuwa unaonekana kutoka kwenye kiti changu, na jua lilikuwa linateremka.

7. Ukuta wenyewe. Basi lilipiga honi. Tukaenda langoni sasa si watu watatu na mzee, bali kundi, pamoja na mwenye duka aliyekuwa amelifunga duka kwa muda. Mzee akaingia mpaka ndani ya basi, kama wewe, akahakikisha nimepata kiti kizuri, kama wewe, isipokuwa yeye alishushwa na dereva. Dirishani akampa kila mmoja wetu mfuko wa alizeti. Mimi, mtu wa Singida, nimetoka ng'ambo na zawadi ya alizeti. Forodhani walinikagua wakauliza ninatoka mkoa gani, nikawaambia, wakaitana waje waone.

Basi likaondoka. Mzee Guo akasimama kwenye vumbi la basi akipunga kofia mpaka tulipokata kona. Kwa hiyo ukuta ule nimeupita chini, nimeupita pembeni, nimeuegemea mgongo nikisubiri. Juu yake sikupanda. Upande wa nje niliuona dirishani, kuna mashamba ya mahindi na mtama tu, kama hapa.

8. Nyumbani. Nilirudi kwa Rebeka nikiwa na aibu ya mtu aliyetumwa chumvi akarudi na kibakuli kitupu. Nikamwambia sikupanda. Akauliza siku nzima nilikuwa nafanya nini. Nikamweleza kwa hasira, kama ninavyokueleza wewe. Mwenyekiti, tangu alipovunjika mguu sikuwahi kumsikia akicheka vile. Alicheka mpaka akashika kifua. Akaniambia nianze upya kuanzia kigoda. Nilipomaliza akaangalia kalenda, akasema basi nimeshamweleza, ahadi imetimia. Naona ananistahi tu. Mimi najua nilichotumwa.

Na madhara hayakuishia hapo. Sasa anaisimulia yeye. Akina mama wa kwaya wakija, anaisimulia. Jirani yetu Dorkas akija kuazima chungio, anaisimulia. Anaisimulia vizuri kuliko mimi niliyekuwepo, na yule mama wa mboga amempa mjukuu ambaye mimi sikumwona. Wageni wamekuwa wengi kuliko wakati wa msiba. Na kila mgeni akiinuka, nani anamsindikiza? Rebeka anabaki kwenye kiti chake, ananiangalia, anasema Sostenes, mpeleke mgeni. Nimempeleka Dorkas. Nimewapeleka akina mama wa kwaya, wote wanane, kila mmoja na njia yake. Jana nilimsindikiza Chediel, naye kwa kuwa anaijua hadithi, alipofika kwake akageuka akanirudisha mimi kwangu, makusudi, huku anacheka peke yake njiani. Na mimi, kwa kuwa ananizidi umri, ningefanyaje? Nikamrudisha kwake. Mizinga yangu kule msituni sijaikagua tangu nimerudi. Nyuki wangu wananisahau sura.

Ndugu Mwenyekiti, kutokana na hayo naomba Baraza lako tukufu liamue yafuatayo:

(a) Kusindikiza kuishie kwenye kizingiti cha mlango. Mgeni akishavuka kizingiti ahesabiwe kuwa ameondoka, hata kama bado anaongea.

(b) Ili pasiwe na ubishi, aitwe mpima ardhi aweke bikoni, yaani jiwe la mpaka, mbele ya kila nyumba, na atakayeonekana na mgeni wake ng'ambo ya bikoni awajibishwe.

(c) Kwa wageni maalumu, yaani wakwe, wachungaji na masheikh, kitolewe kibali cha ofisi ya mtendaji, kikionyesha mahali ambapo kusindikiza kutakomea.

(d) Atakayekaidi akamatwe na mgambo na kurudishwa kwake. Ila nimelifikiria hili tena. Mgambo akimfikisha mtu kwake, mtu huyo atamkaribisha mgambo kiti, na mgambo akiaga itabidi asindikizwe. Kwa hiyo kipengele hiki kiundiwe kamati.

(e) Baraza liiombe serikali izungumze na wenzetu wa China, mpaka huu uwekwe nchi zote mbili kwa siku moja. Upande mmoja ukiacha na mwingine ukaendelea, atakayeumia ni yule aliyeacha, maana atasindikizwa bila kikomo, hatafika kwake kamwe.

Najua Mzee Ezekieli atasimama aseme mwacha mila ni mtumwa. Mwambieni mimi sikuiacha mila. Mila ndiyo iliyokataa kuniacha, mbele ya duka la siki, jua likizama. Na najua mwingine atasema mgeni njoo mwenyeji apone. Ni kweli. Lakini aliyetunga maneno hayo alisema njoo. Habari ya kuondoka aliinyamazia, na nadhani alinyamaza kwa sababu alikuwa bado njiani anasindikiza.

Nakuomba unifikishie salamu kwa mama wa nyumbani kwako, kwa wajukuu wote, kwa mpwa wako wa Mwankoko akija, kwa wajumbe wote wa Baraza, kwa Mzee Ezekieli pia, na kwa yule ndama. Amne amepiga simu kutoka Ikungi, anakuamkia. Stanley naye anakuamkia, na anasema ameanza kubangua alizeti vizuri.

Ni mimi mdogo wako, niliyechoka miguu,

Sostenes Ntandu

Nyongeza:

Mzee, nilikuwa natafuta bahasha nimpe Dorkas akuletee barua hii, ndipo jambo likatokea, na sina karatasi nyingine ya kuandika upya.

Catherine, jirani yetu wa ng'ambo ya mashine ya kusaga, alikuwa sebuleni anasikiliza habari ya mji wa kale. Walikuwa wamefika kwenye duka la siki, pale hakuna anayeondoka, Catherine akakumbuka ameacha maharage jikoni. Akainuka. Rebeka akamwambia bado, hajamaliza. Catherine akasema maharage yanaungua, huku anatoka. Mimi nikaingia chumbani kuvaa ndala zangu nikamsindikize kama kawaida. Niliporudi kutoka chumbani kiti cha Rebeka kilikuwa kitupu.

Nimesimama dirishani nakuandikia. Ameshika ile fimbo ya mkongo. Amempita kuku aliyelala, amelipita banda. Anatembea polepole, anaongea, mkono mmoja anauinua usawa wa kifua, anaushusha usawa wa kiuno, anaushusha usawa wa goti. Wametoka nje ya uzio. Sijamwita, naogopa nikimwita atakumbuka mguu. Naandika bila kuangalia karatasi, unisamehe mwandiko.

Kwa hiyo vipengele (a), (b), (c), (d) na (e) vifutwe. Mpima ardhi asiitwe. Badala yake naomba, kwa unyenyekevu, wajumbe wa Baraza waje kututembelea, mmoja mmoja, mmoja kila siku. Waanze wanaokaa karibu, kisha wa mbali kidogo, kisha wa mbali zaidi. Hadithi waikatishe pale kwenye siki, waage. Wewe uje wa mwisho, maana kwako ni mbali na pana mlima. Viti vipo.

Sasa nawaona wanarudi. Catherine ameona aibu kumwacha arudi peke yake, amemleta mpaka kwenye uzio wetu. Wamesimama. Kila mmoja anasubiri mwenzake ageuke. Sasa Rebeka ameshika mkono wa Catherine, amegeuka naye, wameanza tena kwenda. Mimi nabandika chai, kwa sababu leo hawatamaliza mapema.